Kisu Hakipasui kwa Hasira: Somo la Kuni Kabla ya Kambi



Likizo inakaribia, na najua wengi wenu mmeshaanza kuchanga nauli ya kambi. Mahema yanatafutwa, orodha ya nyimbo inaandaliwa, mchango wa mchele unafuatiliwa. Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi halimo kwenye orodha yoyote: nani atapasua kuni, na atazipasua kwa kitu gani? Leo nataka tuliongelee hilo taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe nililifanya kwa pupa na kovu ninalo mpaka leo, kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Ilikuwa mwezi wa Juni, Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa falsafa, kichwa kimejaa Aristotle na kifua kimejaa sifa. Tulifika jioni, ukungu umeshuka, manyunyu hayakatiki. Kuni tulizonunua zilikuwa zimelala nje siku mbili. Shoka lilikuwepo, ila kichwa chake kilikuwa kinacheza kwenye mpini, na kiongozi wetu akaliweka kando. Alifanya vizuri. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inataja ajali ya namna hiyohiyo: mtu anakata mti, chuma kinachomoka kwenye mpini, mwenzake anakufa. Basi, vijana kama thelathini wamejikunyata, wadogo meno yanagongana, na chai haijachemka.

Nikachomoa kisu changu. Kilikuwa cha kukunja, kinang'aa, nilikinunua kwa ajili ya safari hiyo. Mama mpishi akaniangalia, akasema, "Frateri, hicho si cha kumenyea viazi?" Watu wakacheka. Hapo sasa ndipo nilipokosea. Badala ya kucheka nao, nikakiweka kisu juu ya ukuni, nikaokota jiwe, nikagonga kwa nguvu zote za mtu aliyechekwa. Pigo la kwanza kikaingia. La pili kikanasa. La tatu, kile kidude kinachozuia kisu kisijikunje kikaachia, na bapa likanirudia vidoleni kama mlango uliosukumwa na upepo.

Nilishonwa nyuzi nne kwenye zahanati, usiku, baada ya kupanda bodaboda tukiwa watatu: dereva, mimi, na yule mama aliyenibana mkono kwa kanga yake njia nzima. Hakunisema hata neno moja. Vijana walilala bila chai.

Asubuhi alinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya jiko. "Frateri, njoo uone," akaniambia. "Kuangalia hakuhitaji mikono." Akachukua panga, akalikalisha juu ya ukuni, akaligonga kwa kipande cha mti bila haraka. Tak. Tak. Ukuni ukafunguka kama kitabu. Baadaye nilijifunza kufanya vivyo hivyo kwa kisu kisichokunjika. Nayo ndiyo kazi tunayojifunza leo.

1. Kwa nini tuhangaike kupasua?

Mti ukiwa mbichi, maji yanaweza kufika karibu nusu ya uzito wake. Kuni zinazofaa kuchomwa zinatakiwa ziwe na maji chini ya asilimia 20. Moto unapokutana na ukuni wenye maji, unatumia joto lake kuyageuza maji kuwa mvuke kabla haujapata nafasi ya kuuchoma mti wenyewe. Ndiyo maana unapata moshi mwingi, macho yanawasha, na sufuria imekaa vilevile.

Sasa, ukuni mkavu ulionyeshewa siku moja au mbili kwa kawaida umeloa magamba na sehemu ya juu tu. Ndani bado ni mkavu. Ukiupasua, unaufikia ule ukavu. Isitoshe, kiberiti hakiwashi gogo. Kinawasha maranda, maranda yanawasha vijiti vya unene wa penseli, vijiti vinawasha kuni za unene wa kidole gumba, na hizo ndizo zinazoshika kuni kubwa. Kisu kinatusaidia kwenye hatua hizo tatu za mwanzo. Kuni kubwa ni kazi ya shoka zima mikononi mwa anayelijua. Tusikipe kisu kazi isiyo yake.

2. Kisu cha namna gani?

Kisu kisichokunjika, basi. Kisu cha kukunja kina pini pale kinapojikunjia, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Kila pigo unalolipiga mgongoni linafika kwenye pini hiyo na kwenye kizuizi chake. Kikishindwa, vidole vyako ndivyo vilivyo karibu. Mimi ni shahidi.

Angalia pia msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kwenye visu vilivyo imara zaidi, msuka unakwenda mpaka mwisho wa mpini, na mara nyingi unauona kabisa ukiwa katikati ya vipande viwili vya mbao au plastiki. Kisu ambacho msuka wake ni mfupi kinaweza kuvunjikia pale bapa linapokutana na mpini.

Bapa lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 na unene wa milimita 3 hadi 5 linatosha sana. Kisu chembamba cha jikoni kinapinda au kinakatika, hivyo kiache kwenye vitunguu. Kisiwe na ufa, mpini usicheze, na kiwe na ala yake.

3. Kisu kama kabari

Hapa mniruhusu dakika mbili za darasani. Kuna kitabu cha kale cha maswali ya mekanika kilichohifadhiwa pamoja na maandiko ya Aristotle, ingawa wasomi wengi wanaona kiliandikwa na mtu mwingine wa shule yake. Kinauliza: inakuwaje kabari, kitu kidogo hivyo, ipasue vitu vikubwa? Jibu lake linailinganisha kabari na nyenzo mbili zinazofanya kazi pande mbili kwa wakati mmoja.

Niliposoma swali hilo nilikumbuka panga la yule mama. Mimi nilidhani kisu kinapasua kuni kwa makali. Kumbe makali yanafanya kazi mwanzoni tu, yanapofungua njia. Baada ya hapo ni mashavu ya bapa yanayosukuma nyuzi za mti huku na huku, na ufa unakimbia mbele ya chuma. Ukichungulia, mara nyingi utaona makali hayagusi kitu tena. Mti unaachana wenyewe kwa kufuata nyuzi zake.

Ukilielewa hilo, unaacha kupigana na ukuni. Kazi yako ni kuikalisha kabari mahali sahihi na kuisindikiza. Nguvu nyingi ni dalili kwamba umechagua ukuni usiofaa au mahali pasipofaa.

4. Soma ukuni kwanza

Yule mama aliugeuza kila ukuni mara mbili kabla ya kuugusa kwa panga. Alikuwa anaangalia vitu vinne.

Cha kwanza, nyuzi. Zikinyooka kutoka juu hadi chini, ukuni utapasuka vizuri. Zikisokotana, kama ilivyo kwa mikaratusi mingi iliyokauka, utahangaika.

Cha pili, mafundo, yaani pale tawi lilipokuwa limeota. Fundo linakata safari ya nyuzi na linanasa kisu. Ukuni wenye fundo kubwa katikati uweke pembeni, utaingia kwenye moto mzima mzima baadaye.

Cha tatu, nyufa. Ukuni uliokauka huwa na nyufa ndogo kichwani, zinazoanzia kiini kwenda nje. Mti umekwisha kukuonyesha njia, kwa hiyo weka kisu kwenye ufa huo.

Cha nne, ukubwa. Bapa lazima liwe refu kuliko upana wa ukuni, ncha ibaki nje kwa sentimita 3 hadi 5, kwa sababu hapo ndipo utakapogonga bapa likishazama. Kisu cha sentimita 15 kisipewe ukuni unaozidi sentimita 10. Urefu wa ukuni uwe kama sentimita 30 na kichwa kiwe kimekatwa sawa ili usimame.

Na tafadhali, tumia kuni zilizokufa au zilizonunuliwa kihalali. Usikate mti mbichi wa mtu, wala usiingie kwenye msitu wa hifadhi bila ruhusa ukidhani ni mali ya kambi.

5. Hatua kwa hatua

Kwanza, mwombe kiongozi wako ruhusa, kisha tafuta nafasi. Nyoosha mkono ulioshika kisu kikiwa ndani ya ala, zunguka pande zote. Kama unaweza kumgusa mtu, hamko salama. Kazi hii ifanyike mchana. Mwanga wa tochi unadanganya.

Pili, tafuta gogo pana na tambarare liwe meza yako. Usipasulie juu ya jiwe, kisu kikipita kitakula mwamba. Piga magoti, ukuni ukiwa mbele ya magoti yako. Kamwe usiuweke katikati ya mapaja. Upande wa ndani wa paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika hapo, zahanati iliyo mbali haitakungoja.

Tatu, andaa rungu. Kipande cha mti mgumu, unene wa kifundo cha mkono wako, urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Usitumie jiwe wala nyundo ya chuma. Chuma kilichokazwa kwa moto ni kigumu, lakini kinaweza kumeguka kikigongwa na kitu kigumu kama chenyewe, na kipande kinachoruka hakichagui jicho la nani.

Nne, laza makali juu ya kichwa cha ukuni. Mkono usio na nguvu ushike mpini, mkono wenye nguvu ushike rungu. Piga pigo moja dogo la kukalisha, kisha simama uangalie: kisu kimekaa wima? Ncha imetokeza upande wa pili? Kama hapana, anza upya. Hakuna anayekufukuza.

Tano, gonga mgongo wa kisu juu ya ukuni mpaka bapa lizame. Likishazama, hamia kwenye ncha iliyotokeza. Kila ukigonga ncha, mpini utataka kuinuka, kwa hiyo ukandamize kidogo ili bapa libaki sambamba na ardhi. Usigonge mpini. Gonga pole pole, na baada ya mapigo machache usikie. Ukuni unaokubali unatoa sauti ya kupasuka. Usiokubali unatoa sauti nzito, butu, kama unagonga ukuta.

Sita, ukuni ukiwa mpana, usianzie katikati. Anza kwa kuondoa mbavu, kipande kimoja kimoja pembeni, ukielekea ndani. Ukishapata vipande vyembamba ambavyo havisimami vyenyewe, usivishike kwa vidole juu. Laza kisu kwenye kichwa cha kijiti kikiwa kimekaa, kigonge kidogo kishikane nacho, kisha inua vyote viwili pamoja kwa mpini na uvigongeshe kwenye gogo. Kijiti kitaachia bila kidole kukaribia makali.

Saba, chukua kijiti kimoja kikavu cha ndani, kisimamishe kwenye gogo, teleza kisu kutoka juu kwenda chini ukichonga maranda membamba yanayobaki yameshikana na kijiti. Hapa ndipo makali yanapohitajika hasa. Maranda hayo yatashika kiberiti hata siku ya manyunyu.

6. Kisu kikinasa

Kitanasa tu siku moja. Ukivuta kwa hasira, kikiachia kitakuja na mkono wako. Ukikipinda kushoto na kulia, utakivunja, kwa maana bapa limeumbwa kusukuma, halikuumbwa kupindwa.

Acha rungu. Pumua. Chonga kabari ya mti, kipande kigumu cha urefu wa sentimita 15 kilichochongwa upande mmoja, uiingize kwenye ufa uliokwisha kufunguka na uigonge. Ufa utapanuka na kisu kitakuwa huru. Kama ufa haupo kabisa, ulaze ukuni chini na ugonge kidogo upande wa makali, kwenye ncha iliyotokeza, ili kisu kirudi kilikotoka. Makali yataumia kidogo, yatanolewa. Kisha ukuni huo uachie. Kuacha ukuni mmoja si kushindwa, zipo kuni nyingine.

Ukimaliza, futa kisu, kikaushe, kipake mafuta kidogo, hata ya kupikia, na kirudishe kwenye ala. Kisu kilichosahauliwa kwenye nyasi kinangoja mguu wa mtoto.

7. Mtu akikatika

Bana kidonda moja kwa moja kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila kuchungulia. Kuchungulia kunaifungua damu upya. Inua mkono juu ya usawa wa moyo. Kitambaa kikiloa, ongeza kingine juu yake, usikitoe cha kwanza. Kidonda kirefu, kinachoachama, au kidole kisichokunjika au kisichohisi kitu: safari ya hospitali, hata kama ni usiku. Kwa hiyo kabla ya ukuni wa kwanza, kila mtu ajue sanduku la huduma ya kwanza liko wapi na usafiri ni wa nani.

Tunabaki na nini?

Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, mstari wa 9, kinamweka mpasua kuni kati ya watu ambao kazi yao wenyewe inaweza kuwadhuru. Mstari unaofuata unageukia chuma kisichonolewa, nguvu kinazomdai mtu, na faida ya kuwa na hekima. Nilikuwa nimeisoma mistari hiyo kabla ya Lushoto, hata kuitolea maoni darasani. Nilidhani ni mifano. Kumbe mwandishi alikuwa anajua kuni.

Wazee wetu wanasema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi nimeshaukata huo wembe kwa niaba yenu, kwa hiyo msiulilie. Kilichonikata siku ile hakikuwa chuma peke yake. Nilikuwa na ukuni mbele yangu lakini macho yangu yalikuwa kwa waliocheka. Yule mama naye alikuwa na vijana thelathini wenye baridi, na macho yake yalikuwa kwenye ukuni. Mimi nilitaka kuonekana ninapasua. Yeye alitaka chai ichemke. Kama ningemuuliza swali moja tu kabla ya kuchomoa kisu, watoto wale wangelala wamekunywa kitu cha moto.

Kambi iliyofuata nilifika na kisu kingine, cha bei nafuu, kisichokunjika, na rungu nililolichonga mwenyewe. Nilipasua vijiti vya kuwashia kwa karibu nusu saa. Mama akapita, akachukua kimoja, akakigeuza mara mbili kama kawaida yake. "Leo umepasua, Frateri," akasema. "Mwaka ule ulipigana." Akakitia jikoni.

Maswali ya kujipima, mkiwa kwenye kikundi chenu

1. Kwa nini kisu cha kukunja hakifai kugongwa mgongoni, hata kikiwa cha bei kubwa?
2. Chukueni kuni tano. Bila kuzipasua, zipangeni kuanzia itakayopasuka kwa urahisi hadi ngumu kuliko zote, na kila mmoja aeleze sababu. Kisha pasueni muone.
3. Kwenye kambi yenu, nani anajua kazi hii vizuri kuliko wote lakini hajawahi kuombwa afundishe? Nendeni mkamwombe.

Mungu awabariki, awalinde safarini, na awarudishe na vidole vyote kumi.